Usiende Stuttgart Kutafuta Gari Moja

Nilipokwenda kwenye makumbusho ya Porsche yaliyoko Zuffenhausen, mjini Stuttgart, Ujerumani, nilikuwa na gari moja tu kichwani: Porsche 911 SC ya Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya, ya mwaka 1978, lililoinuliwa mpaka tumbo lake likakaa sentimita 28 juu ya ardhi, aliloliendesha Vic Preston Jr. wa Kenya akamaliza wa pili. Sisi tuliolelewa na hadithi za Safari, tunaojua kwamba mwaka 1974 Joginder Singh na Mitsubishi yake alimtangulia Björn Waldegård wa Porsche, huliona gari hilo kama la nyumbani. Siku hiyo halikuwapo. Kosa lilikuwa langu, kwani ningeuliza mapema ningeambiwa kwamba ukumbini huwekwa magari zaidi ya 80 tu kutoka katika hazina kubwa zaidi, nayo hubadilishwa mara kwa mara, kwa sababu mengi bado huwashwa na kusafirishwa kwenda kuendeshwa kwingineko.

Kwa hiyo usianze na magari yaliyosimama, anza na karakana. Iko chini, nyuma ya ukuta wa kioo, na wageni wengi huipita wakikimbilia ngazi. Nilisimama pale karibu nusu saa nikimtazama fundi akisafisha injini ya silinda 6 iliyoshushwa kutoka kwenye gari, akipitisha kitambaa katikati ya mapezi ya silinda, yaani vibati vyembamba vinavyoizunguka, pezi kwa pezi. Ukishayaona mapezi hayo huhitaji maelezo marefu kuhusu 911 za zamani kutokuwa na rejeta: feni husukuma hewa juu yake, na joto huondoka.

Ghorofani, lipe muda gari la kwanza kabisa lenye jina la Porsche, 356 namba 1 la mwaka 1948, lililoundwa Gmünd, Austria, likiwa na injini ya Volkswagen ya nguvu za farasi 35. Ni dogo kuliko picha zake. Kisa cha 911 kuitwa 901 hadi Peugeot walipodai kwamba majina yenye sifuri katikati ni yao utakisikia kwa kila mtu, kwa hiyo sitakirudia.

Lililonishika zaidi ni 917/20, gari la rangi ya waridi lililochorwa mistari ya nukta kama nguruwe anayesubiri kisu cha mwenye bucha, kila kipande kikiwa na jina lake kwa Kijerumani: mbele pameandikwa Rüssel, yaani pua ya nguruwe, na kwingine Schinken, yaani paja. Likiwa na rangi hiyo lilishindana mara moja tu, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1971, wala halikumaliza. Hata hivyo siku ile lilizungukwa na watu wengi kuliko magari yaliyoshinda vikombe.

Tenga muda wa saa tatu, na usiende Jumatatu, maana hufungwa. Treni ya S6 itakushusha kituo cha Neuwirtshaus, na jengo jeupe lililobebwa na nguzo chache utaliona ukishuka tu. Kabla ya kuondoka pita tena karakana. Niliporudi pale kiooni, yule fundi alikuwa amefika silinda ya nne.