Jibu: Seva inachelewa kazi ikiwa kidogo

Ndugu, umeuliza kwa nini seva yenu ya Linux hapo Goma inajibu polepole maombi yakiwa machache, ila yakiongezeka inakimbia. Hiyo ni dalili ya prosesa inayolala. Kwenye Xeon nyingi (prosesa za Intel za seva), kiini, yaani kitengo kimoja cha kuchakata ndani ya prosesa, kikikosa kazi huzama hadi C6, usingizi mzito, na kukiamsha huchukua zaidi ya mikrosekunde 100. Ni kidogo, lakini ombi moja la hifadhidata linasubiri diski na mtandao mara nyingi, na kila mara kiini kinalala tena.

Anza na BIOS (mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka): chagua mpangilio wa umeme unaoachia mfumo endeshi uamuzi, la sivyo Linux itaamuru bure. Kisha, kama root (msimamizi mkuu wa mfumo):

cpupower frequency-set -g performance
cpupower idle-set -D 20

Amri ya kwanza inaiambia prosesa ipendelee kasi kuliko kuokoa umeme. Amri ya pili inafunga kila usingizi ambao kuamka kwake kunafikia mikrosekunde 20 au zaidi. C1, usingizi mwepesi, inabaki. Tafadhali usifunge na hiyo: seva itachemka bure, na viini vinavyofanya kazi vitakosa nafasi ya kupanda turbo, kasi ya ziada ya muda.

Kuhakikisha, endesha turbostat, programu inayoonyesha viini vinalala kiasi gani; safu ya CPU%c6 (asilimia ya muda katika C6) iwe karibu na 0.

Umeme ukikatika, amri zote mbili zinapotea seva ikiwaka upya, kwa hiyo ziweke kwenye huduma ya systemd, inayoziendesha zenyewe kila Linux inapowaka. Halafu pima upya dakika za UPS, betri ya akiba ya seva. Seva isiyolala inakula betri hata usiku, na zile dakika ulizozizoea zitapungua.