Wavuvi wa chini ya picha

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, namshukuru Mungu mmefika salama. Umeniuliza: mna siku moja tu ya mapumziko hapo Glasgow, Uskoti, na wenzako wanataka madukani, je, uende Kelvingrove, lile jumba la makumbusho na sanaa nililokuwa nikikusimulia?

Nenda. Kiingilio ni bure, na siku za kazi saa saba mchana hupigwa kinanda kikubwa mpaka ukumbi wote unavuma.

Ila usitake kuona vyote. Mimi, nilipokwenda kule kwa mafunzo, nilikimbia kutoka chumba hadi chumba: tembo aliyekaushwa, ndege ya vita ya Spitfire inayoning'inia juu ya wanyama, silaha, vyungu. Nikachoka, na kichwani hakikubaki kitu. Ndipo nikafika kwenye picha ya mchoraji Salvador Dalí, Kristo wa Mtakatifu Yohane wa Msalaba.

Aliichora mwaka 1951, na mwaka uliofuata mji ukainunua kwa pauni 8,200. Wanafunzi wa sanaa wa hapo hapo walipinga, wakitaka fedha zile ziwafae wasanii wa kwao. Mwaka 1961 mgeni mmoja akaichana, ikatengenezwa. Yesu anaonekana kutoka juu, kana kwamba wewe ndiye uko mbinguni unamchungulia. Hana misumari, hana damu, hana taji la miiba.

Sasa shusha macho, mwanangu. Chini kabisa kuna ghuba imetulia, mashua iko ufukweni, na wavuvi wako kwenye shughuli zao. Ni Port Lligat, Hispania, alikokuwa akiishi mchoraji. Mimi niliiona Sahare, pwani ya kwetu Tanga. Yule aliyesimama kando ya mashua nilimwona babu yako, alfajiri, katoka baharini, anapapasa wavu kutafuta palipotoboka kabla hajamsalimia mtu. Nilikaa pale nikalia, na sikuona haya.

Uliza kwanza mlangoni kama ipo, maana mara nyingine huazimwa na majumba ya nchi nyingine. Ukiikuta, kaa nayo hata nusu saa, wenzako watakusubiri. Kisha, kama wanaruhusu, piga picha ile sehemu ya chini, ya karibu kabisa, unitumie. Nataka nimpelekee babu yako. Mashua anaijua kuliko sisi sote. Nataka aniambie wale wanajiandaa kutoka au ndio wamerudi.

Mama yako