Hiyo bolti iliyobaki usiitupe, na pikipiki usiipande

Usipande hiyo pikipiki. Mengine tutaongea baadaye.

Ndugu yangu wa Iganga, nimesoma swali lako lote. Umeuliza kama kujibadilishia tairi la nyuma la pikipiki yako ya Boxer kunalipa kuliko kumpa fundi shilingi elfu 10 za Uganda, ununue liva (vile vyuma vya kung'olea tairi) za aina gani, ujaze upepo kiasi gani, na kama ufunge tairi lisilotumia tyubu. Maswali mazuri. Ila hapo katikati, kama mtu anayetaja kwamba jana kulinyesha, umeandika: "Jumapili nilijaribu mwenyewe, limeingia vizuri, kabolti kamoja tu ndiko kalibaki, lakini pikipiki inatembea poa." Halafu unasema Jumamosi unampeleka mama watoto Kampala.

Kabolti kamoja tu! Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka chini.

Mimi pia nilikuwa na kabolti. Nilikuwa nabeba abiria na mukene, yaani dagaa, hapa Busia, pikipiki ya mkopo, kila wiki natoa elfu 70. Tairi la nyuma lilikuwa kipara kabisa, unaweza kujitazama ndani yake ukanyoa ndevu. Nikanunua jipya, 3.00-17, na yule bwana wa duka la spea akaniona nahesabu noti akajua udhaifu wangu uko wapi. Akaniambia, "Ssebo (yaani bwana), pesa ya fundi ni ya nini? Hii ni baiskeli yenye injini tu. Chukua hizi liva mbili, hata mtoto wako ataweza." Nikachukua. Huyo bwana simtaji jina wala duka lake, lakini kila nikipita pale mtulinga wangu unauma wenyewe bila kuguswa.

Tena nikajisomesha kwa video. Jamaa ana vidole safi kama vya daktari, anakuonyesha dakika 14 jinsi ya kung'oa tairi kwenye ringi, sabuni, liva, tyubu, kila kitu. Likishaingia anasema "sasa rudisha gurudumu", picha inakatika, na mara hiyo hiyo umemwona barabarani anapunga mkono. Kile kipande alichokikata ndicho kilichonipeleka hospitali. Watu hawa wanakufundisha sehemu ambayo ukikosea unapata pancha, halafu wanaruka sehemu ambayo ukikosea unapata kaburi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Chuchumaa upande wa breki ya nyuma. Ile sahani inayofunika hab (kitovu cha gurudumu), ambayo shuu za breki zinakaa ndani yake, utaona imeshikwa na chuma kirefu chembamba kinachokwenda mbele mpaka kwenye mkono wa fremu unaobeba gurudumu. Mwisho mmoja kimefungwa kwenye fremu, mwisho wa pili kwenye sahani, kwa bolti, nati, na mara nyingi kapini kadogo kenye miguu miwili ya kukunjwa ili nati isifunguke. Ili gurudumu litoke na sahani yake, hiyo bolti ya kwenye sahani unaifungua. Hicho chuma kirefu mimi nakiita kizuizi, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Ukikanyaga pedeli, fimbo ya breki inavuta kamkono kaliko chini ya sahani, shuu zinatanuka, zinaishika hab. Lakini hab inazunguka! Ikishikwa, inataka kwenda na chochote kilichoishika, yaani shuu na sahani nzima. Kinachoikatalia ni kizuizi peke yake. Ukikisahau, sahani inageuka pamoja na gurudumu, na ikigeuka inaivuta ile fimbo ya breki zaidi, kwa hiyo breki inajikaza yenyewe hata kama wewe umeshaondoa mguu. Hapo mambo mawili tu: fimbo ikatike, ubaki bila breki ya nyuma, au gurudumu lifungwe, ulale nalo, au yote mawili kwa pamoja.

Unaniambia "mbona inatembea poa?" Hata yangu ilitembea poa. Nilizunguka uani, nikaenda mpaka steji yetu ya bodaboda nikarudi, nikakanyaga breki mara tatu, ikashika vizuri sana, nikawaonyesha wenzangu kifua. Sababu ni kwamba nati ya ekseli ikikazwa inaibana ile sahani. Kwa mwendo wa kutafuta abiria, huo mbano unatosha kuizuia isizunguke. Breki ndogo ndogo hazikuambii kitu. Unakuja kuambiwa siku ile unayoihitaji breki kwa moyo wote.

Mimi niliambiwa Busitema, pale barabara inapopita msituni. Nilikuwa peke yangu na gunia la mukene nyuma, nakwenda Bugiri. Mbele yangu lori la Malaba likawasha taa za breki ghafla, nami nikakanyaga kama mtu anayeua nyoka. Nilisikia "kaa!" chini ya mguu wa kulia, pedeli ikazama, na gurudumu la nyuma likasimama palepale huku pikipiki bado ina safari zake. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nimelala ubavu kwenye changarawe, naangalia injini bado inanguruma, gunia limepasuka, na mukene zimemwagika barabarani zinang'aa kama mtu amevunja kioo. Nyani wawili wakatoka msituni wakaanza kuokota. Hawakuniuliza hata hali yangu. Mtu wa kwanza kunisaidia alikuwa dereva wa lori la nyuma, Mungu ambariki, maana angeweza pia kunipita juu.

Jioni, mtulinga umefungwa kwa kitambaa, mke wangu, mama Shamim, akaja hospitali na uji. Akafungua mkoba akatoa mfuniko wa kopo la Blue Band. Ndani yake kulikuwa na bolti moja, nati moja na kapini. "Nimeikuta dirishani jikoni," akasema, "hii si ya kwako?" Ilikuwa ya kwangu. Nilikuwa nimeiweka pale kwa mkono wangu mwenyewe, mahali pazuri, ili isipotee.

Tulitazamana tu. Mpaka leo tukigombana hasemi neno, anachukua mfuniko anauweka mezani.

Hesabu yangu hii hapa, usione haya kwa niaba yangu. Sahani ya breki na shuu 45,000. Fimbo na pedeli 20,000. Spoki na kunyoosha ringi 40,000. Hospitali 180,000. Pikapu ya kunirudisha mimi na chuma changu 60,000. Wiki sita bila kufanya kazi huku mwenye mkopo anapiga simu kila Jumatatu saa moja asubuhi, elfu 70 kila wiki, 420,000. Jumla 765,000, na mukene za watu sijaziweka humo kwa sababu mwenye mukene bado anasoma mambo yangu hapa. Fundi alikuwa anataka elfu 10. Yaani kwa pesa hiyo ningebadilishiwa tairi mara 76 na chenji ikabaki ya rolex mbili, zile chapati za mayai. Huo ndio "kuokoa" niliofanya.

Sasa usiniambie kwamba nasema uende kwa fundi. Sisemi hivyo. Miezi kadhaa baadaye nilipata pancha Jinja, bega bado zito, nikaona leo nitoe pesa kama mtu mwenye adabu. Kijana akafanya kazi haraka haraka huku anaongea na simu imebanwa kwenye sikio, akamaliza, akapiga kiti kofi, "mzee, twende!" Nikatazama chini. Washa ya ekseli, kale kapete bapa ka chuma, iko pale kwenye mafuta machafu, imelala kama shilingi ya zamani. Nilipomwonyesha akasema, "Hiyo si ya hapa." Ilikuwa ya pikipiki ya nani, ya malaika? Akaifungua tena amenuna, akairudisha. Kwa hiyo ukimlipa fundi, umelipia mikono yake. Macho ni ya kwako, na tena bure.

Ninachofanya mimi siku hizi, na watu steji wananicheka wapendavyo: kabla sijagusa spana natandika leso ya zamani chini. Kila kinachotoka kwenye pikipiki kinalala kwenye leso, kwa mstari, kwa jinsi kilivyotoka. Mfuniko marufuku, mfuko wa shati marufuku, dirisha ndiyo kabisa. Halafu nahesabu, naandika namba kwa chaki juu ya tanki. Kwangu ni 10: nati ya ekseli, washa yake, ekseli yenyewe, bushi inayokaa kati ya gurudumu na fremu (hiyo ina tabia ya kuviringika chini ya kuku), bolti ya kizuizi, nati yake, kapini kake, nati ya kurekebishia fimbo ya breki, springi yake, na kale kapande ka duara ambako fimbo inapita. Yako inaweza kuwa 9 au 12, hesabu mwenyewe usiige yangu. Ile chaki haifutwi mpaka leso iwe tupu. Leso ikiwa na kitu hata kama kinafanana na takataka, pikipiki haipandwi, hata abiria awe amesimama na mizigo, hata mvua iwe inakuja.

Na kapini usikatumie tena kama kamechoka. Kapya ni pesa ya pipi. Niliwahi kumwona mtu amefunga kwa kipande cha waya wa umeme, nikamwuliza kama amewahi kumwona nyani wa Busitema kwa karibu.

Ukishamaliza, kabla ya barabara: shika kizuizi kwa vidole, kitikise. Kinaweza kucheza kidogo sana, lakini lazima uhisi kimefungwa pande zote mbili. Kisha inua gurudumu lizunguke, kanyaga pedeli kwa nguvu zote, mwenzako aangalie sahani. Isigeuke hata unywele. Ukifanya hivyo peke yako utadhani umeona, kwa hiyo mwite mtu, hata mtoto. Shamim wangu ana miaka tisa na hiyo kazi anaijua kuliko yule bwana wa spea.

Kuhusu tairi lenyewe, sina mengi. Sabuni ya maji kwenye midomo ya tairi. Upande ulio mkabala na unapovutia, usukume mdomo wa tairi uingie kwenye bonde la katikati ya ringi, usipofanya hivyo utapigana na liva mpaka jioni. Tyubu uitie upepo kidogo tu ikae umbo lake kabla ya kuingiza, la sivyo liva inaibana na unaitoboa mwenyewe. Mimi nilitoboa mbili mpya kabla ya kuelewa, fundi mkubwa mimi! Mshale uliochorwa ubavuni mwa tairi uelekee mwendo wa mbele. Anzia mbali na valvu, malizia kwenye valvu, na kabla ya kujaza isukume valvu ndani kidogo, tyubu isije ikawa imebanwa chini ya mdomo. Upepo wa nyuma mimi naweka paundi 28 nikiwa peke yangu, 32 nikiwa na abiria, na kwa safari yako na mama watoto ni 32.

Liva uliuliza... chukua ndefu, zenye ncha ya duara, zisizo na makali. Lile la tairi lisilo na tyubu waache wenye ringi za kumimina, zisizo na spoki, walijibu. Ringi yako ya spoki inavuja upepo kwenye kila kitundu cha spoki, mimi hapo sijihangaishi.

Kuna lingine uliuliza, nafikiri bei za matairi ya Kampala na Jinja, limeshanitoka. Samahani, akili yangu imebaki kwenye hicho kitu kilicho kwako nyumbani. Kiko wapi sasa hivi? Kwenye kopo? Kwenye droo? Kakitafute, ukipige picha pembeni ya shilingi 500 tukijue ukubwa, na upige picha ya pili ya upande wa breki ya nyuma, chini, ambapo fimbo inaingia. Ziweke hapa. Kuanzia sasa mpaka nione hizo picha mbili, ukitaka kwenda dukani, tembea.