Jibu: Kutoka juani na kuingia gizani

Mkuu, umeuliza kwa nini ukitoka juani na kuingia stoo huoni kitu kwa dakika kadhaa, na kama ni dalili ya macho kuharibika. Kwa jinsi ulivyoeleza, hapana.

Mboni hutanuka ndani ya sekunde chache tu. Kinachochelewa kiko nyuma ya jicho, kwenye retina. Humo mna seli za kuonea gizani zenye kemikali ya rangi ya zambarau-nyekundu, rodopsini, ambayo sehemu yake inatokana na vitamini A. Molekuli moja ikifyonza chembe moja tu ya mwanga, hubadilika umbo na kuanzisha ishara ya kwenda kwenye ubongo. Baada ya hapo hupauka, na haifanyi kazi mpaka iundwe upya. Jua la mchana hupausha nyingi sana kwa mpigo, na kuzirudisha zote huchukua kama nusu saa au zaidi kidogo.

Rodopsini hufyonza vizuri mwanga wa kijani-samawati, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 500 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), ila mwekundu huugusa kwa shida. Ndiyo maana watazama nyota hutumia tochi nyekundu. Jaribu hiyo huko stoo.

Lakini kama hata baada ya nusu saa bado unajikwaa, au mtoto nyumbani anapapasa jua likizama, nendeni kwa daktari wa macho mapema. Upungufu wa vitamini A hutibika, ukiachwa, unapofusha. Maini, mchicha, maembe na mawese mekundu visikosekane mezani.