Jibu: Boti ya mtumba Dunga (Kisumu), injini inazima ikipewa mzigo

Habari ndugu. Umesema injini ya boti unayotaka kununua ni Yamaha ya nguvu-farasi 15, inawaka vizuri pale ufuoni, lakini ukipakia watu inazima baada ya dakika chache. Mwenyewe anadai ni plagi (ya kutoa cheche) tu.

Plagi ndiyo hadithi ya kila muuzaji. Anza na kifuniko cha tangi: tundu la hewa likifungwa, petroli hukatika hivyo hivyo, na kulifungua ni bure. Halafu fika injini ikiwa baridi uiwashe mwenyewe. Akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Tazama maji ya kupoza yanayoruka nyuma ya injini. Yakidondoka tu, haipoi. Kwa hili gugumaji letu la ghuba, mara nyingi ni njia ya maji imeziba au impela (kipanga kinachosukuma maji ya kupoza) imekwisha, si kesi kubwa.

Kesi ni kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Fundi apime silinda zote mbili. Zikitofautiana sana, jadili bei ya boti tupu, kana kwamba haina injini. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Mbao sizijui vizuri. Mpeleke fundi seremala wa boti, azidunge kwa kisu karibu na mkuku (uti wa chini wa boti) kuona kama zimeoza.