Nambari iliyokatwa mkia na Excel

Swali: Mwalimu, mimi ni karani wa uhasibu huku Industrial Area, Nairobi. Binti yangu wa shule ya upili ameniuliza kama 1234567887654321 ni nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe. Nimeiandika kwenye Excel ikawa 1234567887654320, ambayo inagawanyika kwa 10. Nifuate ipi?

Jibu: Fuata ya binti yako. Excel hushika tarakimu 15 tu. Ya 16 huigeuza sifuri bila kukuonya.

Hata hivyo si tasa, na hilo halihitaji kompyuta. Nambari hii husomeka vilevile kutoka kushoto au kulia, na tarakimu zake ni 16, idadi shufwa. Hapo tayari ni lazima igawanyike kwa 11. Anzia kulia: jumlisha ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, hivyo hadi mwisho. Ukipata 0 au kigawe cha 11, basi nambari nzima inagawanyika kwa 11, kwa kuwa 10 ni 11 kasoro 1. Sasa kila tarakimu hapa ina pacha wake ng'ambo ya pili, na idadi ikiwa shufwa, pacha mmoja hujumlishwa na mwenzake hutolewa. Zote zinafutana. Kwa hiyo miongoni mwa nambari zote za namna hii zenye idadi shufwa ya tarakimu, iliyo tasa ni 11 pekee.

Kinachonifurahisha zaidi ni chimbuko lake. Mwambie binti azidishe 111 kwa 1111 kwenye karatasi, aone 123321 ikijitokeza: moja zimepangana kama ngazi, na kila safu inahesabu ngapi zimo. Yenu ni 11111111 mara 111111111. Safu ndefu zaidi ina moja 8, hivyo hakuna cha kubeba. Lakini 1111111111 mara yenyewe hufikisha safu ya katikati 10. Ukibeba, jibu ni 1234567900987654321, na ulinganifu umevunjika.

Vigawo vyake tasa ni 3 (mara mbili), 11, 37, 73, 101, 137 na 333667. Vigawo vyote, pamoja na 1 na yenyewe, ni 192.

Kazini, ukiingiza nambari za kadi za benki zenye tarakimu 16, weka seli katika mfumo wa maandishi kabla ya kuandika. Ukiibadilisha baadaye, tarakimu iliyopotea hairudi.