Programu yangu ya sataranji inaharibu mchezo mwishoni. Tatizo nini?

SWALI: Nimeandika programu ya sataranji inayotumia alfa-beta, yaani njia ya kupekua mti wa hatua huku ikikata matawi yasiyoweza kubadili jibu. Nilipoiongezea mbinu ya kuruka zamu ilianza kufika mbali zaidi kwa muda uleule. Lakini wakibaki wafalme na askari tu, inapoteza hata michezo ya sare. Nimekosea wapi?

JIBU: Mbinu hiyo imejengwa juu ya dhana moja: kwamba kucheza ni afadhali kuliko kukaa kimya. Ndiyo maana tunampa mpinzani zamu mbili mfululizo, tunapekua kwa kina kilichopunguzwa kwa 2 au 3, na alama zikiwa bado hazishuki chini ya beta (kiwango ambacho kikifikiwa mpinzani hataruhusu tufike hapo) tunalipogoa tawi zima. Tangu Chrilly Donninger, mtunzi wa programu za sataranji, aieleze mwaka 1993 imeenea sana, na inastahili. Katikati ya mchezo dhana hiyo ni kweli karibu kila mara.

Sasa panga ubao: mfalme mweupe f5, askari wake e4, mfalme mweusi d4, askari wake e5. Zamu ni ya mweupe. Kila mfalme anamlinda askari wake huku akimvizia wa mwenzake. Mweupe akisogea popote, e4 inaliwa na mchezo umekwisha. Lakini programu ikiruka zamu, anayelazimika kuondoka ni mweusi, e5 ndiyo inayoliwa, na alama za mweupe zinapanda. Inaona ushindi palepale inapokufa! Hali hii ya kulazimika kusogea wakati kila hatua inakuumiza wachezaji huiita zugizwangi.

Kwa hiyo usiruke zamu kama mwenye zamu amebaki na mfalme na askari peke yake. Usiruke pia mfalme akiwa ameshikwa (anashambuliwa), wala mara mbili mfululizo. Akiwa na kete moja kubwa tu (isiyo mfalme wala askari), pekua tena bila kuruka, kwa kina kifupi, kabla ya kuamini jibu.

Kagua pia ufunguo wa jedwali la kumbukumbu, yaani namba inayotambulisha kila hali ya ubao iliyokwisha kupekuliwa: ukiruka zamu, lazima ubadilishe upande unaocheza na ufute haki ya kumla askari kwa kumpita. Kosa hili liliwahi kunimalizia siku tatu nzima, kwa sababu halionekani mpaka uchezeshe michezo mingi.

Kwa jaribio, mrudishe mfalme mweusi c4 na umpe yeye zamu, maana kwenye shina la mti, yaani ubao tunaoanzia kupekua, huwa haturuki. Hatua sahihi ni mfalme kwenda d4, na alama zionyeshe kwamba mweusi anashinda.